Louis Wawili: Rekodi za Mfalme na Askofu wa Jina Moja

Pwani ya California kuna misheni mbili kongwe za Wahispania zenye jina la Luis, zimeachana kwa karibu kilomita 400. Wafransisko waliozianzisha katika karne ya 18 walizitofautisha kwa kazi ya mwenye jina: ya kusini ni San Luis Rey, ya Luis aliyekuwa mfalme, na ya kaskazini ni San Luis Obispo, ya Luis aliyekuwa askofu. Wageni huzichanganya mpaka leo. Hawana kosa kubwa, maana wenye majina yenyewe walikuwa watu wa ukoo mmoja.

Mfalme ni Louis IX wa Ufaransa, aliyezaliwa Poissy mwaka 1214 na kufia Tunis mwaka 1270. Askofu ni Louis wa Toulouse, aliyezaliwa 1274 na kufa 1297. Babu mzaa baba wa askofu, Charles wa Anjou, alikuwa mdogo wake mfalme, kwa hiyo kwa hesabu za kwetu mfalme naye ni babu. Wote wawili ni watakatifu wa Kanisa Katoliki, na Wakatoliki wa Afrika Mashariki huwaita Ludoviko. Kumbukumbu zao zinafuatana ndani ya wiki moja ya Agosti: askofu tarehe 19, mfalme tarehe 25.

Jina hilo lina rekodi nyingine zinazojulikana zaidi. Louis XIV alikaa kwenye kiti cha Ufaransa miaka 72 na siku 110, na hakuna mfalme wa nchi huru ambaye imethibitishwa alimpita. Sobhuza II wa Swaziland alifika miaka 82, ila sehemu kubwa ya muda huo nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza. Upande wa pili yuko Louis XIX, ambaye Agosti 1830 alihesabiwa kuwa mfalme kwa dakika kama 20, muda wa kutosha kutia saini karatasi ya kuachia ngazi. Hao tuwaache. Ninaowataka ni babu na mjukuu, kwa kuwa mmoja aliishi maisha yake yote chini ya taji na mwenzake akalikataa taji lilipokuja mkononi. Vitabu vimempa mfalme karibu kurasa zote. Kwa maoni yangu rekodi ngumu kuliko zote katika ukoo ule ni ya kijana aliyekufa na miaka 23.

Kitu kilichozidi bei ya nyumba yake

Louis IX alirithi kiti mwaka 1226 akiwa na miaka 12, na mama yake, Blanche wa Castile, ndiye aliyeishika nchi mpaka mwana akakomaa. Miaka 12 baadaye ikamfikia habari kwamba Baldwin II, mtawala Mlatini wa Constantinople, ameishiwa kabisa. Taji la miiba, lile ambalo Wakristo waliamini alivikwa Yesu, lilikuwa limewekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Venice. Louis akalikomboa. Gharama inayotajwa ni livre 135,000.

Agosti 1239 mfalme alikwenda kulipokea karibu na mji wa Sens. Walipoingia mjini, yeye na mdogo wake Robert walilibeba mabegani wakiwa peku, wamevaa kanzu tupu kama watu wanaotubu. Kisha ikabidi litafutiwe mahali pa kukaa, na ndipo ilipojengwa Sainte-Chapelle katikati ya Paris, ikatabarukiwa tarehe 26 Aprili 1248. Madirisha yake 15 ya vioo vya rangi yana picha 1,113, na ukisimama ghorofa ya juu asubuhi yenye jua unaona kuta zimebaki kama vijiti vya kushikilia mwanga. Jengo lote hilo liligharimu livre 40,000. Kilichomo ndani kimezidi bei ya nyumba zaidi ya mara tatu.

Taji lenyewe lingalipo. Usiku wa tarehe 15 Aprili 2019, kanisa la Notre-Dame lilipokuwa linaungua, lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuokolewa, pamoja na kanzu inayosemwa kuwa ya Louis IX.

Mateka ghali kuliko wote

Mwaka 1248 mfalme alipakia jeshi lake katika bandari ya Aigues-Mortes, akaelekea Misri kwa vita ya msalaba. Juni 1249 aliuteka Damietta karibu bila jasho, na urahisi huo ndio uliomponza. Novemba ya mwaka huo Sultani as-Salih Ayyub alifariki akiwa kambini, na mkewe, Shajar al-Durr, akaificha habari. Chakula kikaendelea kupelekwa hemani na amri zikaendelea kutoka kwa jina la marehemu, hadi mrithi, Turanshah, alipowasili kutoka mbali. Wamamluki, askari wa sultani, wakalivunja jeshi la Wafaransa kule Mansurah, na Aprili 1250 Louis mwenyewe akakamatwa, mgonjwa wa tumbo, hajiwezi.

Hapa kuna rekodi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya Shajar al-Durr: baada ya Turanshah kuuawa, mwanamke huyo alitangazwa mtawala wa Misri, akatajwa kwenye hotuba ya Ijumaa na kuwekwa kwenye sarafu, jambo ambalo wanawake wachache mno katika historia ya dola za Kiislamu wamelifikia. Alitawala kama siku 80. Ya pili ni fidia: livre 400,000, zaidi ya mapato ya mwaka mzima ya hazina ya Ufaransa. Louis alikataa katakata bei hiyo isemwe ni yake. Mfalme, alisema, hauzwi kwa fedha. Mji wa Damietta ndio uliorudishwa kwa ajili yake. Fedha zilikuwa za watu wake.

Tunajua mengi ya siku zile kwa sababu Jean de Joinville, bwana mmoja wa Champagne aliyekuwa pamoja naye, aliandika kumbukumbu zake uzeeni. Anasimulia kwamba katika kupima sarafu za awamu ya kwanza zilipungua livre 30,000. Mashujaa wa Shirika la Hekalu walikuwa na fedha za watu melini kwao, wakakataa kuzitoa kwa kuwa walikuwa wameapa kuzilinda. Joinville akashuka chini ya meli, akaona sanduku, akachukua shoka na kusema ndilo litakalokuwa ufunguo wa mfalme. Fedha zikatoka. Mizani ilipokwisha, mmoja wa waliopima akajisifu mbele ya Louis kwamba wamewapunja Waislamu livre 10,000 bila wao kujua. Mfalme alikasirika, akaamuru zirudi zote, na hakukubali kuondoka mpaka zimelipwa. Nimesoma sifa nyingi za utakatifu wa mtu huyu, nyingine za kuchosha. Hii ya kurudisha chenji kwa adui haichoshi.

Aliyeokoa jahazi Damietta, hata hivyo, alikuwa mkewe. Malkia Margaret wa Provence alibaki mjini na mimba ya siku za mwisho. Chumbani mwake alilala shujaa mzee wa miaka 80 wa kumlinda, na malkia akapiga magoti kumwomba kitu kimoja: maadui wakiingia, amkate kichwa kabla hawajamgusa. Mzee akamjibu kwamba alikwisha kulifikiria hilo kabla ya kuombwa. Siku tatu baada ya kupata habari za kutekwa kwa mumewe alijifungua mtoto wa kiume, Jean Tristan. Wafanyabiashara wa Pisa na Genoa wakataka kuukimbia mji. Margaret akawaita kando ya kitanda cha uzazi, akawabembeleza, kisha akanunua chakula chote kilichokuwapo ili wasiwe na sababu ya njaa ya kuondoka. Bila Damietta mfalme asingekuwa na cha kujikombolea. Jean Tristan naye alikua, akamfuata baba yake kwenye vita ya pili, akafa Tunis mwaka 1270 kwa ugonjwa wa tumbo, akiwa na miaka 20. Amezaliwa kwenye vita ya msalaba, akafia kwenye nyingine.

Zawadi kubwa kuliko zote

Baada ya kutekwa, Louis hakurudi nyumbani mara moja; alikaa Syria na Palestina miaka minne, akarejea 1254. Mwaka uliofuata alimpelekea shemeji yake, Henry III wa Uingereza, zawadi ambayo London ilikuwa haijawahi kuiona: tembo. Henry aliagiza ajengewe nyumba ndani ya Mnara wa London, futi 40 kwa 20, na gharama akawatwisha watu wa jiji. Mtawa Matthew Paris alikwenda kumchora. Ili msomaji apate kujua ukubwa wake, alimchora na mchungaji wake amesimama pembeni. Watu walimiminika. Mnyama hakumaliza miaka mitatu katika baridi ile, alikufa 1257.

Mfalme pekee, na doa lake

Katika wafalme wote wa Ufaransa, Louis IX ndiye pekee aliyetangazwa mtakatifu na Papa. Sababu zilizotolewa ni nyingi: aliosha miguu ya maskini, alijenga hospitali ya Quinze-Vingts kwa vipofu 300, aliamua kesi za watu wa kawaida akiwa ameketi chini ya mwaloni kule Vincennes, alimalizana na Waingereza kwa mkataba wa Paris wa 1259 wakati angeweza kuendelea kuwachapa. Mara moja alimuuliza Joinville angechagua nini, ukoma au dhambi ya mauti. Joinville akasema afadhali dhambi 30 kuliko ukoma. Kesho yake mfalme alimkalisha miguuni pake na kumsomesha. Mimi Joinville namwelewa.

Ila mtu huyo huyo ndiye aliyeruhusu Talmud ichomwe hadharani mjini Paris miaka ya 1240, mikokoteni 24 ya vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, na mwaka 1269 akawalazimisha Wayahudi wa nchi yake kushona alama ya duara kwenye nguo. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa zama zake. Ni kweli, lakini aliweza kuzipita zama zake kwenye livre 10,000 za Wamisri.

Taji lililokataliwa

Sasa mjukuu. Mwaka 1284 baba yake, Charles wa Pili wa Naples, ambaye watu walimwita Kiwete, alishindwa vita baharini mbele ya mji wake mwenyewe, akakamatwa na admirali wa Aragon, Roger wa Lauria. Aliachiliwa 1288 kwa masharti, na mojawapo ya masharti hayo ilikuwa kuwatoa wanawe watatu wawe rehani mahali pake: Louis, Robert na Raymond Berengar. Louis alikuwa na miaka 14. Walikaa Catalonia miaka saba.

Mfalme Louis alikuwa mateka kwa mwezi mmoja na dunia haijaacha kusimulia. Mjukuu alikuwa mateka kwa karibu theluthi moja ya maisha yake yote. Waliowalea kule walikuwa Wafransisko, watu wa kanzu ya kijivu na kamba kiunoni, na Louis alipougua sana aliweka nadhiri kwamba akipona atajiunga nao. Mwaka 1295 Petro Yohane Olivi, Mfransisko aliyekuwa akisumbua wakubwa kwa mafundisho yake ya ufukara mkali, aliwaandikia barua wale vijana watatu kifungoni.

Mwaka huo huo mambo mawili yakatokea. Wafungwa wakafunguliwa, na kaka yao mkubwa, Charles Martel, akafariki. Ghafla Louis akawa ndiye mrithi wa Naples. Pembeni palikuwa na posa iliyoandaliwa: angeoa dada yake mfalme wa Aragon, na ndoa hiyo ingefunga ugomvi wa miaka mingi. Akakataa vyote viwili. Januari 1296 aliachia haki yake ya kiti kwa mdogo wake Robert. Robert ndiye aliyemwoa yule binti wa Aragon, na ndiye aliyekuja kutawala Naples kuanzia 1309 hadi 1343.

Watu wengi wamewahi kuachia viti. Wengi wao walisukumwa, walizeeka au walishindwa. Huyu alikuwa na miaka 21, hana adui wa kumsukuma, ametoka kifungoni jana, na kiti kilichokuwa kinamngoja kilikuwa miongoni mwa vinono kabisa Ulaya. Babu yake alivalia kanzu ya mtubu siku ya kulipokea taji la miiba, akarudi ikulu. Kijana hakurudi.

Kanisa nalo halikumwacha alale. Papa Boniface VIII alimtaka awe askofu wa Toulouse, jimbo kubwa na tajiri. Louis akatoa sharti: kwanza apokewe Ufransisko. Alikula nadhiri mkesha wa Krismasi 1296 kule Aracoeli, Rome, na siku chache baadaye akawekwa wakfu kuwa askofu, hajafikisha miaka 23. Mwanzoni Papa alimtaka afiche kanzu ya shirika chini ya mavazi ya heshima, asiwaudhi wazazi. Alivumilia kama wiki tano. Tarehe 5 Februari 1297 aliivaa wazi, akatembea peku kutoka Capitol mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro kuhubiri, mwana wa mfalme katikati ya jiji lililozoea kuona maaskofu juu ya farasi.

Toulouse ilimwona kwa wiki chache tu. Alipunguza matumizi ya nyumba ya askofu na kilichobaki akakigawa kwa maskini, kisha akashika njia ya Rome, na inasemwa nia yake ilikuwa kumwomba Papa amtue mzigo wa uaskofu pia. Homa ikamkamatia Brignoles, kule Provence. Alifariki tarehe 19 Agosti 1297, hajamaliza miezi minane tangu awekwe wakfu. Ni siku nane tu baada ya Boniface VIII yule yule kumtangaza mtakatifu babu yake, tarehe 11 Agosti, mjini Orvieto.

Mama aliyeishi kuona

Mfalme alingoja utakatifu miaka 27 na mjukuu miaka 20, kwa hiyo hata hapo mjukuu alimshinda. Papa Yohane XXII alimtangaza Avignon tarehe 7 Aprili 1317. Papa huyo aliwahi kuwa chansela wa Charles wa Pili, baba wa marehemu, na mtu mwenye roho mbaya angesema alikuwa analipa fadhila. Mama yake Louis, Maria wa Hungaria, alikuwa bado hai, alifariki 1323. Kuishi hadi kumwona mwanao akiwekwa kwenye altare ni bahati iliyowapata akina mama wachache sana katika karne zote za Kanisa.

Mwaka mmoja tu baada ya kumtukuza Mfransisko aliyekataa ufalme, Yohane huyo huyo aliunga mkono kesi iliyowapeleka motoni Wafransisko wanne mjini Marseille, Mei 1318, kwa kosa la kung'ang'ania ufukara ule ule aliofundisha Olivi. Na Marseille ndiko Louis alikozikwa.

Mchoraji Simone Martini aliifanya picha ya wakati huo, nayo iko Naples katika jumba la makumbusho la Capodimonte. Louis ameketi mbele, mkubwa, macho makavu, amevaa joho zito la kiaskofu lililotariziwa nembo za kifalme. Ukitazama penye upenyo wa joho unaiona kanzu duni na kamba yenye mafundo. Malaika wawili wanamshushia taji kutoka juu, na yeye kwa mkono wake anamvisha taji jingine Robert, aliyepiga magoti pembeni, mdogo kama mtoto. Robert ndiye aliyekuwa mfalme wakati picha inachorwa. Nadhani alihitaji sana watu waione: kulikuwa na mpwa wake kule Hungaria, mwana wa Charles Martel, aliyekuwa na hoja ya kwamba kiti ni chake. Utakatifu wa kaka ulikuwa hati ya umiliki.

Kwa wizi pia askofu ana rekodi yake. Mwaka 1423 Alfonso V wa Aragon, akirudi kutoka vitani Naples ambako alipambana na Louis mwingine, Louis wa Tatu wa Anjou, aliivamia Marseille na kuipora. Aliondoka na vitu viwili: masalia ya Mtakatifu Louis wa Toulouse, na mnyororo mkubwa uliokuwa unafunga mdomo wa bandari. Vyote vilipelekwa kanisa kuu la Valencia. Mnyororo unaning'inia ukutani humo mpaka leo.

Aliyezikwa mahali pengi

Mfalme alikufa tarehe 25 Agosti 1270 karibu na magofu ya Carthage, jeshi lake likiwa linaisha kwa tumbo la kuhara. Charles wa Anjou, babu wa askofu, alitia nanga akakuta kaka yake amekwisha kata roho. Kwa joto lile mwili usingefika Paris, basi ulichemshwa kwa divai mpaka nyama ikaachana na mifupa. Matumbo Charles akayapeleka Monreale, Sicily, na mifupa ikaenda Saint-Denis.

Wenyeji wa Tunis wana hadithi yao. Wanasimulia kwamba mfalme hakufa. Alisilimu, akaoa mwenyeji, akawa ndiye walii Sidi Bou Said, mwenye kijiji kile cheupe na buluu juu ya bahari. Tarehe zinakataa: walii wa kweli, Abu Said al-Baji, alifariki 1231, miaka 39 kabla ya mfalme kutua. Lakini kwa adui aliyekuja na majeshi, kusimuliwa hivyo na waliovamiwa ni heshima ambayo sijaona nyingine ya kuilinganisha nayo.

Kifo hicho cha Carthage ndicho kilichounganisha jina la Louis na bara letu la ndani. Mwaka 1875 Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alipewa kanisa dogo lililojengwa pale kwa kumbukumbu ya mfalme, akawaweka mapadre wa shirika alilolianzisha, Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe. Miaka mitatu baadaye msafara wao wa kwanza ulifika pwani, ukapitia Bagamoyo kwenda Tabora, na Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakaingia Buganda. Lavigerie alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Louis juu ya kilima cha Byrsa, likazinduliwa 1890, naye mwenyewe akazikwa humo miaka miwili baadaye. Mwaka 1964 mwili wake ulihamishiwa Rome.

Miji na mbio

Kwa idadi ya miji mfalme hana mpinzani. Saint-Louis ya Senegal, iliyoanzishwa 1659 kwenye kisiwa mdomoni mwa Mto Senegal, ndiyo makazi ya kwanza ya kudumu ya Wafaransa kusini mwa Sahara. Jina lilimheshimu mtakatifu na, kwa ujanja, Louis XIV aliyekuwa kitini. St. Louis ya Marekani ilianzishwa 1764, na tao lake la chuma, lililokamilika Oktoba 1965, ndilo refu kuliko matao yote duniani: mita 192 kwenda juu, na mita 192 hizo hizo kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Mpenzi wa riadha ataikumbuka St. Louis kwa Olimpiki ya 1904. Marathon yake ilikimbiwa juani, vumbi la magari usoni, maji haba. Walianza 32 wakamaliza 14. Aliyetangulia kufika ilibainika alipanda gari kipande cha njia. Mshindi halali, Thomas Hicks, alisukumwa na wasaidizi wake kwa strikinini na brandi, akatumia saa 3, dakika 28 na sekunde 53, muda mrefu kuliko wa mshindi yeyote wa marathon ya Olimpiki. Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago mwaka 2023 alitumia saa 2 na sekunde 35. Lakini siku ile ya 1904 kulikuwa na Batswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuwa wamekuja mjini kufanya kazi kwenye maonyesho ya Vita ya Makaburu. Taunyane alikuwa wa tisa, Mashiani wa 12. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kushindana kwenye Olimpiki.

Askofu ana mji mmoja tu wa kutajika, ule wa California, nao una mambo yake. Junípero Serra aliianzisha misheni tarehe 1 Septemba 1772 katika ardhi ya Wachumash, mahali askari walipokuwa wamewinda dubu ili misheni nyingine zisife njaa. Desemba 1925 mjini humo ilifunguliwa hoteli ya kwanza duniani kuitwa moteli, chumba na gereji kwa dola 1.25 kwa usiku. Na Agosti 1990 ulikuwa mji wa kwanza duniani kupiga marufuku sigara ndani ya majengo yote ya umma, baa zikiwemo. Serikali ya Mexico ilipozivunja misheni, hii ya askofu iliuzwa kwa dola 510, ya mfalme kwa dola 2,437. Hata kwenye mnada mfalme alimzidi.

San Luis Rey, iliyoanzishwa 1798, ilikuwa kubwa kuliko misheni zote 21 za California. Padre Antonio Peyrí aliiongoza tangu siku ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1830 alipanda uani mpilipili wa mbegu kutoka Peru, wa kwanza California. Wakazi wake walikuwa Wapayómkawichum, lakini Wahispania waliwaita Waluiseño, na jina hilo limewaganda: kabila zima la Amerika linaitwa kwa jina la mfalme wa Ufaransa aliyefia Tunis bila kujua kwamba bara lao lipo. Waliletwa kulima na kuchunga, wakabatizwa, wakakatazwa kuondoka bila ruhusa, wakafa kwa wingi kwa magonjwa ya wageni.

Mmoja wao aliandika. Pablo Tac alizaliwa misheni hapo, na mwaka 1832 Peyrí alipoondoka alimchukua yeye na mwenzake mmoja, wakapitia Mexico na Hispania hadi Rome, akasoma katika Chuo cha Propaganda Fide. Mwenzake akafa 1837. Pablo akaandika sarufi ya lugha yake, akaanza kamusi, na akaandika maelezo ya maisha ya misheni: nani anaruhusiwa kuingia bustani ya padre, ngoma zinachezwaje, na jinsi vijana wa kwao walivyopambana na timu ya jirani kwenye mchezo wa mpira wa fimbo. Ni maandishi ya kwanza yanayojulikana ya mwenyeji wa asili wa California. Alifariki Rome mwaka 1841, kijana wa miaka kama 20. Karatasi zake zilibaki na Kadinali Mezzofanti, aliyesifiwa kujua lugha nyingi kuliko mtu yeyote wa zama zake, zikaishia maktaba ya Bologna, na sarufi haikuchapishwa mpaka 1926. Kamusi ilikuwa imefika herufi C.